Kamati ya Joto

Kijiwe chenyewe kiko pale kichochoro kinapoingia barabara kuu, kati ya karakana ya seremala na kibanda cha kinyozi. Ni benchi moja refu, lililoundwa kwa mlango wa ofisi iliyovunjwa zamani, ndiyo maana ukikaa upande wa kushoto unakalia maandishi yasemayo GONGA KABLA YA KUINGIA. Mji uko juu, mahali ambapo jua huwaka vizuri tu ila baridi haina habari nalo, na pembe ile hukaa kwenye kivuli cha ghorofa la ng'ambo tangu asubuhi mpaka jioni. Kwa miaka mingi wenye benchi lao wametetemeka pale, vikombe mikononi, wakitengeneza nchi na kuiharibu tena kabla ya saa sita. Msimu huu ukipita mchana unalikuta benchi tupu. Utadhani wenyewe wamekufa, au wamepata ajira. Hakuna hata moja kati ya hayo. Wamehamia chumbani kwa mama yake Randa.

Randa ndiye seremala. Jina lake la kuzaliwa wanalijua mama yake, dada yake na watu wa kitambulisho. Wengine wote wanamwita kwa chombo chake. Ni mtu wa maneno machache, na wiki hizi hata hayo machache yalikuwa yanamtoka kwa tabu, maana alikuwa amechoka mpaka kwenye kucha. Mama yake alikuwa anaumwa kifua. Daktari alikuwa amesema jiko la mkaa lisiingie tena chumbani mwake, hata kwa dakika ya kuondoa ubaridi. Randa alinunua hita ya umeme, ikaunguza soketi na kuacha alama nyeusi ukutani. Baada ya hapo dada yake, mkubwa wake, anayeishi huko chini kwenye joto, akapiga simu. Hakugombana. Alisema tu kwamba anakuja kumchukua mama.

Randa alimwomba ampe muda. Alisema atakipasha moto kile chumba bila moshi na bila umeme. Dada akasema sawa, atakuja aone kwa macho yake, na asiporidhika ataondoka na mama kwa basi la jioni ileile. Hayo yalikuwa maneno ya haki, na Randa alijua. Ila yeye ni kitinda mimba, na tangu azaliwe hajawahi kulala kwenye nyumba ambayo mama yake hayumo. Alioa, akafiwa na mke, akazeeka kidogo, yote akiwa ndani ya kuta zilezile. Akifikiria chumba kile kimefungwa na ufunguo uko mfukoni mwake, randa ilimwia nzito mkononi.

Basi akaunda sanduku. Aliliunda kama anavyounda kabati la bibi harusi, kona zimefumana bila msumari: refu kufika kifuani kwa mtu mzima, pana kama meza, nyuma limebandikwa blanketi kuukuu lisipoteze joto. Ndani akapanga makopo ya soda yaliyokatwa juu na chini, yameungwa moja juu ya jingine mpaka yakawa mabomba, yote yamepakwa rangi nyeusi isiyong'aa. Mbele akaweka kioo cha dirisha. Akalifunga kwenye ukuta wa nje wa chumba cha mama, upande unaopigwa na jua, kisha akatoboa ukuta mara mbili. Tundu la chini linanyonya hewa ya baridi kutoka sakafuni, hewa inapanda ndani ya makopo yaliyochomwa na jua, inarudi chumbani kwa tundu la juu ikiwa ya moto. Usiku wa kwanza hewa iligeuka ikawa inashusha baridi ndani, akachonga vizibo viwili vya mbao, akawa anaziba matundu jua linapozama. Hapo sanduku likatulia. Mchana ukiweka kiganja kwenye tundu la juu, ulihisi pumzi ya vuguvugu kama ya mtu aliyelala.

Matatizo yalianza kwa watu wa halmashauri. Afisa mmoja alipita, akasimama barabarani, akauliza kile ni kitu gani. Aliambiwa ni jua. Akasema kanuni zake zinatambua bango, kibanda, banda la kuku na tangi la maji, na kama si mojawapo ya hivyo basi kitu hakipo, na kama hakipo kiondolewe. Hapo ndipo aliposhika usukani Makaratasi.

Makaratasi ni karani mstaafu wa masjala ya halmashauri hiyohiyo, na ingawa alistaafu zamani, kazi yenyewe haijastaafu ndani yake. Alimchukua afisa pembeni, wakaongea lugha yao, na waliporudi sanduku lilikuwa limetambuliwa kuwa dirisha lisilofunguka, lililo katika kipindi cha majaribio. Majaribio, Makaratasi akafafanua, hayawi majaribio bila kamati. Na kamati haiwezi kufanya kazi nje ya mahali pa tukio.

Ndivyo benchi lilivyobaki peke yake. Kila siku, jua likishaanza kugonga kile kioo, wajumbe waliingia chumbani kwa mama, wakavua viatu mlangoni kwa heshima, wakakaa. Makaratasi alichukua kiti cha mama, chenye mto wa kuegemea, kwa sababu ya mgongo. Wembe, ambaye ndiye kinyozi, alikaa kitandani karibu na ukuta ili aweze kusoma kipimajoto. Waya, fundi redio, alikaa sakafuni karibu na tundu la chini, akisema kwamba mambo yote huharibikia chini. Hata Mama Birika, muuza kahawa, aliona hakuna maana ya kumwagia benchi tupu, akawafuata wateja wake, akagundua kwamba birika likiwekwa chini ya tundu la juu halipoi. Mama mwenye chumba aliwapokea kila siku kwa adabu. Alikunja blanketi lake, akajitanda shali, akawaambia, haya wanangu, nawapisha mfanye kazi. Randa alifarijika kuona mama yake hana kinyongo na wageni.

Siku dada alipokuwa njiani, kikao kilianza mapema. Kulikuwa na jambo moja limewakaa kooni wajumbe wote. Kipimajoto, ambacho Wembe alikiazima kwa mfuga kuku, kilikuwa kimeandikwa, badala ya tarakimu, umri wa vifaranga kwa joto wanalohitaji: wiki ya kwanza juu kabisa kwenye moto, wiki ya pili, na kushuka mpaka kuku wakubwa. Kila mchana kilisoma vizuri. Na kila asubuhi Randa alipomuuliza mama yake anaonaje, mama alijibu jibu lilelile, kwa upole, kama anayeomba radhi: baridi ni ileile, mwanangu.

— Wiki ya tatu, akasoma Wembe. Na saa sita bado haijafika.

— Basi chumba kina joto, akasema Makaratasi. Hilo limepita.

— Mama anasema hakina, akasema Randa. Alikuwa amesimama, mgongo ukutani, hakuwa na pa kukaa.

— Ngoja tutenganishe, Fundi. Kuna joto, na kuna malalamiko kuhusu joto. Hayo ni madawati mawili. Ukiyachanganya hufiki popote.

— Dada anafika leo, Mzee. Atauliza dawati moja tu.

Mama Birika aliwamiminia raundi nyingine. Wembe akapuliza kikombe chake, akasema kwamba yeye ameliwaza jambo hili usiku kucha na amegundua kosa liko kwenye makopo. Makopo haya yote yalitoka ukumbi wa harusi, na kabla ya hapo yalikaa kwenye friji. Kopo limelelewa kwenye friji, limekulia humo, leo unalipaka rangi nyeusi unategemea limesahau kwao? Mchana linajikaza kwa sababu watu wazima wanne wanalitazama. Wakishaondoka linarudia tabia yake.

— Kwa hiyo unashaurije? akauliza Randa, si kwamba alitaka kujua.

— Tulizoeshe. Tulikalie zamu, hata jioni.

Waya alicheka puani. Alisema tatizo la kinyozi ni kwamba amezoea kuona vitu kwa nje. Joto, kwa maelezo ya Waya, linasafiri kama matangazo ya redio. Kituo kinarusha, hilo kamati imelithibitisha, kila mjumbe humu amevua koti. Lakini mama ni mashine ya zamani. Inawezekana kabisa joto lipo chumbani na yeye yuko masafa mengine, halimshiki. Dawa yake ni antena. Na kabla hajamaliza kusema alikuwa ameshatoa waya mfukoni, amefunga ncha moja kwenye tundu la chini, anatambaa kuelekea mguu wa kitanda.

— Usimfunge mama yangu waya, akasema Randa.

— Nafunga kitanda.

— Hata kitanda.

Waya aliuacha waya pale ulipofika. Makaratasi alikuwa amefumba macho, dalili kwamba anatafuta kifungu. Alipoyafumbua alisema wenzake wanahangaika na matawi wakati shina liko wazi. Tazameni utaratibu wenyewe. Hewa inatoka chumbani kwa tundu la chini, inazunguka kwenye sanduku, inarudi chumbani kwa tundu la juu. Ni hewa ileile. Hakuna hata moja mpya iliyoingia.

— Huo ni uhamisho, siyo ajira mpya, akasema. Nimeuona miaka mingi. Mtu anatolewa ghorofa ya chini anapelekwa ya juu, anarudi na koti zuri, lakini kazi hafanyi. Mama anastahili kulalamika. Analetewa hewa yake mwenyewe imevalishwa suti.

Waliicheka hiyo, na hata Randa alitabasamu upande mmoja wa mdomo, tabasamu la mtu anayesikia utani akiwa kwenye foleni ya hospitali. Alikuwa amekesha. Ukuta kati ya chumba chake na hiki ni mwembamba, na alikuwa ameusikiliza usiku kucha, kikohozi kimoja baada ya kingine, akijiuliza kosa liko wapi. Alikuwa ameshalifungua lile sanduku mara kadhaa. Alikuwa ameziba nyufa za dirisha kwa vitambaa, amepima kila kitu upya. Kazi ilikuwa sawa. Hilo ndilo lililomchosha kuliko yote, kwamba alikuwa hawezi hata kujilaumu vizuri.

Wembe hakukubali kushindwa na mstaafu. Alirudi akiwa na jambo kubwa zaidi, akalieleza taratibu kwa sauti ya mtu anayejua anajiweka hatarini. Lile ghorofa la ng'ambo. Vile vioo vyake vyote. Jua linapotoka linapiga kule kwanza, wale wanalitumia, wanakaa nalo ofisini na kompyuta zao, halafu ndipo linadunda linakuja huku.

— Yaani hili tunalopata sisi, akasema, ni jua la mtumba.

Waya alisema hiyo inaingia akilini. Makaratasi alisema kama ni hivyo basi si suala la kamati tena, ni suala la wizara, na akaanza kufikiria kwa sauti ni wizara ipi, maana jua likiwa juu ni la hali ya hewa, lakini likishagusa ukuta ni la ardhi na nyumba. Mama Birika alisema yeye hajui wizara, ila hapa pana joto kuliko nyumbani kwake, na kama mama halitaki hili joto basi na limfuate yeye. Wembe akasogea nyuma kitandani mpaka ukutani, akanyoosha miguu, akafungua vifungo viwili vya shati.

Hapo mlango ukasukumwa, na dada akaingia.

Alikuwa mwanamke mrefu, amevaa koti zito la kuazima lililomzidi mabega, begi dogo mkononi, na uso wa mtu aliyetoka nyumbani kwake usiku akakaa kwenye basi na uamuzi wake mapajani. Wote walisimama, isipokuwa Waya ambaye alikuwa sakafuni na akabaki amepiga magoti. Shikamoo dada zikapishana na marahaba. Dada hakuzijibu zote. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, amegeuza uso kidogo, kama mtu anayesikiliza. Kisha akalegeza kitambaa shingoni.

— Mdogo wangu, akasema. Umekitia joto kweli.

Randa aliyasikia hayo maneno yakimshuka mwilini kama maji ya moto. Makaratasi alijibu kwa niaba yake. Alimkaribisha mgeni kwa jina la kamati, akampa historia ya sanduku, akamwonyesha tundu la chini na tundu la juu, akamweleza hatua iliyofikiwa na halmashauri. Wembe alimsomea kipimajoto. Dada alisikiliza yote kwa utulivu, akaenda akaweka kiganja kwenye tundu la juu, akakiacha pale muda mrefu. Ulionekana wazi moyo wake ukipungua ukali.

— Ni kazi nzuri, akasema. Sikutegemea. Sasa mama analalamika nini? Ananiambia kwenye simu baridi ni ileile.

— Hilo ndilo tulilokuwa tunalijadili, akasema Makaratasi. Kuna nadharia kadhaa.

Dada akawatazama. Alikitazama kiti chenye mto, na shimo lililoachwa na mgongo wa Makaratasi katikati ya mto ule. Akakitazama kitanda, shuka lilivyokunjamana pale Wembe alipokuwa. Akatazama birika, vikombe, viatu vya wanaume vimepangwa mlangoni kama vya msibani.

— Mnakuja humu saa ngapi?

— Jua likishapanda, akasema Wembe. Hapo ndipo linafanya kazi.

— Na mnaondoka?

— Likizama. Hapo Fundi anaziba matundu, tunampisha mama apumzike.

— Na kutwa nzima mkiwa humu, akauliza dada, yeye anakaa wapi?

Halikuwa swali gumu. Makaratasi, ambaye kwa miaka yote ya utumishi wake hakuna mwananchi aliyewahi kumkosesha jibu, hata kama jibu lilikuwa njoo kesho, alifungua mdomo, akaufunga. Wembe alimtazama Waya. Waya aliutazama waya. Mama Birika aliinama akaanza kukusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na kahawa. Walikuwa wamejua kiasi cha joto kwenye kila pembe ya chumba kile, juu na chini, asubuhi na alasiri. Hili hawakulijua.

Dada alimgeukia mdogo wake, akangoja.

Randa hakulijua pia. Alitoka nje bila viatu.

Jikoni mama hakuwepo. Kwa jirani mlango ulikuwa umefungwa. Alimkuta nyuma ya nyumba, upande ambao jua haliufikii, amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, nyuma ya tangi la maji ambako angalau upepo ulikatika. Alikuwa amejikunja ndani ya shali, mikono ameificha makwapani, macho yake yanatazama ukuta kama mtu anayesubiri zamu zahanati na hana haraka. Aliposikia hatua aliinua uso.

— Mmemaliza, baba? akauliza.

— Tumemaliza, mama.

— Leo mmewahi.

Randa alimshika mkono amwinue. Ulikuwa wa baridi kama patasi iliyolala nje. Akaufunika kwa mikono yake miwili. Mama alikuwa anajishughulisha na magoti yake, yaliyokuwa yamekaza. Alisema tu kwamba hakutaka kuwasumbua, maana aliwasikia wakibishana na akajua ni kazi ya kutumia kichwa. Akauliza kama dada ameshafika. Akasema atamchemshia chai.

Walipofika mlangoni kamati ilikuwa inatoka. Walitoka mmoja mmoja, viatu mkononi, vichwa vimeinama, na kila aliyempita mama alimwamkia bila kumtazama.

— Marahaba wanangu, akasema mama. Poleni na kazi.

Dada alimpokea mama yake pale ndani bila kelele. Alimkumbatia, akamkalisha kitandani baada ya kunyoosha shuka kwa mikono yote miwili, akamvua shali. Hakumwambia Randa neno. Labda alikuwa anayapanga. Labda aliona mdogo wake anajisemea yote mwenyewe pale alipo, miguu mitupu, kwenye kizingiti. Mama akageuza uso kuelekea ukutani, kisha akanyoosha mkono polepole mpaka ukafika kwenye tundu la juu. Akauacha hapo. Akaupindua, kiganja kikawa juu. Akaleta na wa pili.

— Kumbe ndilo hili, akasema.

Jua lilikuwa bado limesimama kwenye kile kioo, na lilikuwa na saa kadhaa za kazi mbele yake. Dada akavua lile koti zito, akalitundika kwenye msumari.

— Basi la jioni na liende, akasema. Nitalala hapa na mama leo. Nataka nione na usiku pakoje.

Mama hakuonekana kusikia. Alikuwa ameegemeza kichwa ukutani karibu na tundu, macho ameyafumba nusu, rangi inamrudi taratibu kwenye vidole. Baada ya muda alifumbua jicho moja, akamwona mwanawe wa mwisho bado amesimama mlangoni, nusu ndani nusu nje, hajui pa kujiweka.

— Ingia au toka, baba, akamwambia. Unalitoa joto nje.

Randa akaingia, akaufunga mlango nyuma yake.